Uvimbe Umeshuka

Majani ya chai yakishapigwa na mvua ya mawe hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Si harufu ya chai ya kikombe. Ni harufu mbichi na kali, kama ya nyasi zilizofyekwa karibu na chuma chenye kutu, na hukaa hewani hata jua likisharudi, mpaka yale majani yaliyochanika yaanze kuwa meusi. Mwaka huu ilinikuta njiani nje kidogo ya Nyansiongo, nikienda nyumbani kumwona mama, wiki chache baada ya kumzika baba. Mkono wangu ulipanda wenyewe ukashika taya la kulia. Sikuwa na maumivu. Tangu mazishi sikuwa na chochote, si maumivu wala machozi, na waombolezaji walikuwa wameniita jasiri. Neno hilo niliwahi kuitwa kabla ya hapo nikiwa mtoto wa darasa la tatu, kwa sababu ya jino.

Lilikuwa gego la chini. Lilikuwa limetoboka muda mrefu, na mama alikuwa akilituliza kwa karafuu na maji ya chumvi, likalala siku mbili tatu kisha likaamka tena. Mwaka ule mama alipata kazi Saudia, kazi ya nyumbani kwa watu. Alitakiwa kwenda Nairobi kwa mafunzo mafupi, kisha apande ndege. Nakumbuka jinsi alivyokuwa katika siku zile za mwisho. Alishona vifungo vya sare yangu. Akakandika upya ukuta wa jikoni. Akaninyoa nywele zote ili asimwachie mtu kazi ya kunisuka. Nilimfuata nyuma nikimtazama, nikaelewa kwa akili yangu ndogo kwamba anamaliza kila kitu ambacho kingeweza kumwita akiwa mbali. Jino langu ndilo lililobaki la mwisho, na kwa sababu daktari wa meno hakuwa na nafasi mapema, liling'olewa siku ile ile ya safari.

Chumba cha daktari kilikuwa Keroka, juu ya duka la misumari na mabati. Chini malori yalikuwa yakinguruma, na dirisha lilitetemeka kidogo kila moja lilipopita. Daktari alikuwa mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Aliniambia shavu langu litalala usingizi, mimi mwenyewe nitabaki macho. Baada ya sindano niligusa mdomo wangu nikahisi kama nimegusa wa mtu mwingine. Jino lilikataa kutoka. Lilivunjika, mizizi ikabaki ndani, akaitafuta kwa muda mrefu huku mama akinishikilia miguu. Nilisikia mlio wa mfupa kichwani mwangu, lakini ulikuwa kama mlio wa kitu kinachovunjwa nyumba ya jirani.

"Mizizi ilikuwa imeshika sana," daktari akamwambia mama alipomaliza. "Atavimba. Msiogope akivimba. Ila ukizidi baada ya siku ya tatu, au homa ikija, mrudisheni."

Baba alikuwa akitungoja barazani. Tulimwita Tata, ndivyo baba anavyoitwa kwa Ekegusii. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani na gambuti zake, mikono imetiwa weusi na utomvu wa chai. Mama alikuwa na begi lake tayari. Nilitegemea wataagana kwa maneno fulani, maneno ambayo watu wazima huyaweka kwa ajili ya siku kama hiyo. Badala yake mama alizungumza juu ya taya langu.

"Baba Kemunto, sikiliza. Leo na kesho ni baridi. Unalowesha kitambaa, unaweka kidogo, unatoa, unaweka tena. Kesho kutwa ndipo uanze joto. Usimpe joto kabla."

"Baridi, halafu joto," Tata akasema.

"Leo asisukutue wala asiteme mate. Kesho ndiyo maji ya chumvi, ya vuguvugu. Chakula laini. Asinyonye kitu kwa mrija. Akilala, kichwa kiwe juu."

"Kichwa juu."

"Na uvimbe ukizidi, niambie. Nitarudi. Ndege ni Jumapili."

Tata aliitikia kwa kichwa. Kisha mama akainama akaniwekea kiganja shavuni, upande ule wa sindano. Nilijua ni mkono wa mama kwa sababu niliuona. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba, sikuweza kusema. Akavuka barabara na begi lake, lori likapita katikati yetu, na lilipokwisha kupita sikumwona tena.

Nilidhani ganzi ikiisha nitalia. Nililipanga jambo hilo vizuri moyoni. Nikajiambia kwamba kilio kimelala pamoja na shavu, kwamba sindano ile imeshuka mpaka kifuani na ikishaondoka vyote vitaamka pamoja. Jioni mdomo ulianza kuwasha kama mguu uliokaliwa, maumivu yakaja, nikangoja. Kilio hakikuja. Magokoro, yaani bibi yangu mzaa baba, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa ua, alikuja kuniona akakuta nimekaa kitandani nimetulia kimya.

"Mtoto huyu ni jasiri," akasema.

Lakini nilikuwa nimebeba sentensi moja kutoka barazani kule Keroka. Uvimbe ukizidi, niambie, nitarudi. Niliigeuza kichwani usiku na mchana. Asubuhi iliyofuata nilipoamka shavu lilikuwa limejaa na ngozi imenyooka ikang'aa. Nikachukua kioo kidogo ambacho Tata alitumia kunyolea, nikajitazama dirishani. Nikaridhika. Kwangu mimi uvimbe ule ulikuwa kamba iliyofungwa kwa mama, na kadiri ulivyokua ndivyo alivyovutwa kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiikata kamba hiyo alikuwa Tata.

Sijui kama kabla ya hapo aliwahi kukaa kwenye kitanda changu. Hakuwa mtu mkali, alikuwa tu mtu wa nje, wa ng'ombe na majani chai, aliyeingia nyumbani kula na kulala. Siku ile alishuka mara kwa mara kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba, akarudi na ndoo ya maji baridi, akaketi, akakamua kitambaa. Aliweka, akanyanyua, akaweka, taratibu kama mtu anayepiga pasi nguo ya kuazima. Alikuwa akirudia maneno ya mama kwa sauti ndogo, baridi, halafu joto, kichwa juu, kama mtoto anayetumwa dukani akiogopa kusahau. Maji yaliteremka shingoni mwangu yakaingia kwenye sweta. Kila alipokandamiza nilimwona kama anayemsukuma mama mbali zaidi.

Magokoro naye hakupendezwa. Alikuja na kitambaa kilichopashwa kwenye moto.

"Uvimbe hukandwa kwa joto," akamwambia mwanawe. "Nimewakanda nyinyi wote."

"Kesho utamkanda, mama. Leo ni baridi."

"Nani amesema?"

"Mama Kemunto amesema."

"Mama Kemunto yuko wapi?"

 Tata alilowesha kitambaa tena. Magokoro akakaa mlangoni na chake mkononi mpaka kikapoa.

Alasiri ya siku hiyo mvua ilikuja kutoka upande wa Sotik. Ilianza kwa upepo, kisha kimya kifupi, kisha mawe. Kama hujawahi kuwa chini ya mabati mvua ya mawe inapopiga, siwezi kukueleza kelele yake. Mdomo wa mtu unauona unafunguka, sauti yake huipati. Tata alisimama mlangoni akitazama shamba. Chai yetu ilikuwa imefikia kuchumwa, ilikuwa imetoa majani mapya laini, ya kijani kilichokolea manjano kidogo. Alitazama tu. Hakuita wala hakushika kichwa. Ng'ombe alikuwa akilia zizini bila sauti.

Ilipokatika, ua wote ulikuwa mweupe. Ndipo harufu ile ikaingia, nikaijua kwa mara ya kwanza. Kutoka kwa majirani tulisikia watu wakiitana, kila mtu akishuka kwenye shamba lake kuona kilichobaki. Tata alichukua karai, akatoka, akaanza kuchota mawe ya mvua kwa mikono yake.

"Watu wanakimbilia mashamba, na wewe unaokota mawe?" Magokoro akamwuliza.

"Ni barafu," akasema. "Hatuna friji."

Akayafunga kwenye leso ya mama, iliyokuwa imebaki ikining'inia nyuma ya mlango, akaniwekea kwenye taya. Ubaridi ule ulichoma kwanza, halafu ukazima kila kitu. Maumivu yaliondoka, shavu likaondoka, ikawa kama nimerudi kwenye kiti cha daktari. Tata alikaa kando yangu akishika leso, uso wake ukiwa umeelekea mlangoni, kule shamba lilikokuwa. Yalipoyeyuka alifungua leso akajaza mengine kutoka kwenye karai. Hakushuka kwenda kuiona chai yake mpaka karai likabaki maji matupu.

Ijumaa ikawa siku ya joto, na Magokoro akapata zamu yake. Alinikanda kwa kitambaa cha maji moto, kwa uangalifu, akiomba kimoyomoyo. Lakini uvimbe haukusikia baridi wala joto. Ulipanda mpaka chini ya jicho, jicho likafunga. Ulishuka mpaka shingoni. Mdomo ulikataa kufunguka, uji nikapewa kwa kijiko kidogo kupitia upenyo wa pembeni. Nilijitazama kwenye kioo kwa lile jicho lililobaki. Nilitisha, na nikafurahi kwa namna ambayo haikuwa na furaha ndani yake. Ilikuwa hesabu tu. Umezidi, kwa hiyo atarudi.

Mchana Tata alikuja akaniinua kidevu, akatazama kwa muda. Kisha akateremka shambani. Kupitia dirishani nilimwona akipita katikati ya mistari ya chai, ambayo sasa ilikuwa vijiti vyenye matambara, mpaka kwenye mikaratusi iliyo mpakani, mahali pekee palipokuwa na mtandao mzuri. Alisimama pale na simu sikioni, ametupa mgongo. Alikaa sana. Nilidhani anazungumza na watu wa kiwanda kuhusu majani.

Jioni, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, simu ililia tukiwa jikoni. Tata akaweka spika.

"Kemunto anaendeleaje?" Ilikuwa sauti ya mama, na nyuma yake sauti nyingi za wanawake.

Tata alinitazama. Nilikuwa mbele yake, upande wa moto, mwanga wote ukiniangukia usoni.

"Anaendelea vizuri," akasema. "Uvimbe umeshuka."

Magokoro aligeuka akamtazama mwanawe. Alikuwa mwanamke aliyeweza kumkemea mzee wa kanisa mbele ya watu, lakini hapo alitazama tu, kisha akarudisha uso kwenye moto.

"Mpe nimsikie," mama akasema.

Nikashika simu kwa mikono miwili. "Kemunto," mama akasema, "niite." Nilijaribu. Taya lilikuwa limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Kilichotoka kilikuwa mngurumo, kama wa mtu aliyezibwa mdomo. Nilijaribu tena, nikitaka asikie kwamba si kweli, kwamba nimevimba kuliko siku zote.  Upande wa pili wale wanawake tu ndio waliosikika, wakicheka mbali.

"Haya," mama akasema mwishowe. "Msikilize Tata."

Tata akaichukua simu mkononi mwangu. Hakunitazama tena jioni ile.

Usiku homa iliingia, na asubuhi ya Sabato Tata hakwenda kanisani. Alivaa koti lake la kanisani hata hivyo, akanifunga kwa blanketi, akanipeleka Keroka kwa pikipiki ya jirani. Daktari alinigusa chini ya taya akakunja uso. Usaha ulikuwa umekusanyika. Alinichoma sindano, akapasua kidogo kwa ndani, na ladha iliyonijaa mdomoni sitaieleza. Tata ndiye aliyenishikilia miguu safari hii. Nilitazama dari.

"Mmefanya vizuri kuja leo," daktari alimwambia. "Mngengoja zaidi, mngenipita mkaenda hospitali kubwa."

Nilipewa dawa na vidonge. Jumapili asubuhi shavu lilikuwa limelegea, ngozi imeanza kukunjamana kama ya chungwa lililokaa sana. Tata aliniletea uji, akasubiri ninywe.

"Mama yako amepanda," akasema.

Nikaendelea kunywa uji. Kwangu mimi kila kitu kilikuwa kimefuatana sawasawa. Alidanganya, kisha akaushusha uvimbe, na mama akaenda.

Sikumfanyia Tata lolote baya miaka iliyofuata. Nilimtii. Niliosha nguo zake, nilimpelekea chai shambani, nilileta ripoti za shule akazisoma kimya akazirudisha. Lakini sikumwambia kitu. Nilipopata hedhi nilimwambia Magokoro. Nilipochaguliwa kwenda sekondari alisikia kutoka kwa mwalimu. Hatukugombana hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililofanya jambo lile lidumu, maana ugomvi una mwisho. Yeye hakuwahi kujieleza. Alikata chai ile chini kabisa ikachipua upya, akanipikia uji kila asubuhi kabla ya kwenda kukamua, nami nikaunywa.

Mama alimaliza mikataba miwili. Alirudi akiwa na namna nyingine ya kufunga kitambaa kichwani, na kwa miezi mingi aliamka kabla ya kila mtu na kusimama jikoni kama anayengoja kutumwa. Nilimpokea kwa furaha yote niliyokuwa nimeiweka. Nilimshika mkono njiani kwenda kanisani, ingawa nilikuwa msichana mkubwa. Tata alitembea mbele yetu.

Baadaye nilihamia Kisii mjini, nikaolewa huko. Tata alikuwa akipiga simu kila Jumapili. "Uko sawa?" aliuliza. "Niko sawa," nikajibu. Alikaa kidogo kwenye simu, nikisikia ng'ombe nyuma yake, kisha akasema, "Haya." Aliugua mwaka huu, hakukaa sana hospitalini. Nilifika, nikakaa kando ya kitanda chake, nikamlowesha midomo kwa pamba. Hakusema neno kuhusu lolote, nami sikuuliza.

Siku ile niliyokutana na harufu ya chai barabarani, nilimkuta mama nyuma ya jikoni akimenya ndizi za kupika. Nilichukua kisu nikaketi naye. Tuliongea juu ya mvua, na ni mashamba ya nani yaliyopigwa na ya nani yaliyopona. Kisha akasema, kama wajane wanavyosema, kwamba Tata alikuwa mtu mkweli, kwamba katika miaka yote hakumdanganya.

"Alikudanganya mara moja," nikasema.

"Lini?"

"Uliponiacha na jino. Alikuambia uvimbe umeshuka. Nilikuwa mbele yake, jicho limefunga."

Mama aliacha kumenya. Aliweka kisu kwenye beseni, akafuta mikono kwenye leso, ingawa utomvu wa ndizi haufutiki kwa leso.

"Nilijua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alinipigia mchana wa siku hiyo hiyo, kutoka kwenye mikaratusi. Aliniambia jicho limefunga na hufungui mdomo. Akasema, 'Rudi.' Hivyo tu. Baba yako hakuwahi kuniomba kitu, Kemunto, lakini siku ile aliniomba. Nikamwuliza, 'Na majani?' Akasema, 'Yamekwisha yote.'  Nikaona nikirudi tutakula vijiti. Nikamwambia ampeleke mtoto kwa daktari kukipambazuka, mimi naenda."

"Na jioni?"

"Jioni mimi ndiye niliyemwomba aseme vile. Nilitaka kukusikia kabla sijapanda, lakini sikutaka ujue kwamba nimejua na bado nikaenda. Akasema sawa. Halafu ukaniita, na nikasikia vile ulivyoniita." Akafuta tena mikono kwenye leso. "Niliporudi nilitaka kukueleza. Nilimwambia, mtoto anakutazama vibaya kwa ajili yangu. Akakataa. Alisema, 'Wewe umetoka mbali. Akikukasirikia sasa, hamtakuwa na pa kuanzia. Acha anikasirikie mimi. Mimi niko hapa kila siku.'"

Kuku mmoja alikuja akadonoa maganda, mama akamfukuza kwa mguu. Nilikaa na ndizi mkononi, imemenywa nusu. Niliingoja ije, hasira au kitu kingine chochote, kama nilivyongoja nikiwa kitandani mtoto, nikidhani sindano inakaribia kuisha.

"Umekasirika?" mama akauliza.

"Sijui bado."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akachukua tena kisu, akachagua ndizi kutoka kwenye mkungu.

"Ukijua, uniambie," akasema. "Mimi sasa niko hapa."